Kozi ya NLP kwa afisa mikopo wa Tanga: hesabu saa za mazoezi kabla ya kutazama cheti

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni afisa mikopo wa SACCOS hapa Tanga, naishi Makorora. Kazi yangu ni kukaa na wakopaji, wengi wao kina mama wa biashara ndogo na wavuvi, na kila mwezi ninahangaika na marejesho yaliyochelewa. Nimesikia NLP, zile mbinu za mawasiliano, inamfundisha mtu kuzungumza akasikilizwa. Nimeweka akiba ya shilingi 1,800,000. Nimeona kozi tatu: ya video mtandaoni kwa shilingi 60,000, semina ya siku 2 Dar es Salaam kwa shilingi 650,000 yenye cheti cha Praktishona, yaani mtumiaji wa NLP aliyefuzu, na kozi ya siku 7 Nairobi kwa dola 900. Baadaye natamani nifungue ofisi ndogo ya kuwasaidia watu wenye hofu na msongo. Nichague ipi?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Semina ya siku 2 usiilipie kabisa. Ya video inunue ukitaka, lakini kama daftari la kusomea tu. Ya Nairobi iweke kando, kwa kuwa dola 900 peke yake, kwa viwango vya fedha vya miaka ya karibuni, ni zaidi ya shilingi milioni 2, na hapo hujapanda basi la Horohoro wala hujalipa malazi. Kuna njia ya nne hukuitaja, darasa la mtandaoni lenye mwalimu anayekuona na kukusahihisha papo hapo, na kwa akiba yako hiyo ndiyo naiona inakufaa. Lile la ofisi ya hofu na msongo nalitenga makusudi, maana hakuna kozi ya NLP, fupi wala ndefu, itakayokupa uwezo au haki ya kuifungua. Nitalirudia.

Tuanze na cheti, kwa sababu ndicho kinachouza kozi hizi. NLP, yaani nyuro-lingwistiki programingi, ilianza miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, Marekani. Richard Bandler alikuwa mwanafunzi pale na John Grinder alikuwa mwalimu wa isimu. Waliwachunguza wataalamu wa tiba ya nafsi waliosifika wakati ule: Fritz Perls, Virginia Satir, na daktari Milton Erickson aliyetumia hipnosisi, yaani kumtuliza mtu mpaka apokee mapendekezo kwa urahisi. Walitazama namna wanavyouliza, wanapokatiza, wanaponyamaza, wakazigeuza tabia hizo kuwa ruwaza, yaani mbinu zenye mpangilio, zinazofundishika. Baadaye waanzilishi wakatengana. Zikafuata kesi ndefu Marekani kuhusu nani ana haki ya jina, na zilipomalizika mwaka 2000 jina halikubaki mikononi mwa mtu mmoja.

Athari yake kwako ni hii: hakuna bodi moja duniani inayoamua nani aitwe Praktishona. Kila chama kina masharti yake. INLPTA, chama cha kimataifa cha wakufunzi wa NLP, kwa mfano, inadai saa 130 za mafunzo katika siku zisizopungua 15. Wengine hutoa jina lilelile baada ya wiki moja, wengine baada ya wikendi. Ngazi zenyewe karibu kila mahali ni zilezile: utangulizi au diploma, Praktishona, Masta Praktishona, kisha Treina, yaani mkufunzi. Lakini Praktishona wa saa 10 na Praktishona wa saa 130 wana karatasi zinazofanana, na mwajiri asiyejua hatatofautisha.

Kwetu Tanzania, tuzo za vyuo vya ufundi na mafunzo ya kati husimamiwa na NACTVET, na za vyuo vikuu na TCU. Cheti cha NLP ni cheti cha chama binafsi. Kinaweza kukuongezea heshima mbele ya meneja wako, ila usikihesabu kama stashahada. Mtangazaji akisema kozi yake “imesajiliwa na serikali”, mwombe namba ya usajili na jina la mamlaka. Mara nyingi anayokuonyesha ni ya BRELA, na BRELA husajili makampuni na majina ya biashara. Haipimi ubora wa mafunzo.

Sasa hesabu ya saa. Semina ya siku 2, ikianza saa tatu asubuhi na kuisha saa kumi jioni, ni saa 7 kwa siku. Toa saa 1 ya chakula na nusu saa mbili za chai, zinabaki 5. Siku 2 ni saa 10. Mwalimu akitumia nusu kuzungumza na kuonyesha slaidi, mazoezi yanabaki saa 5. Na mazoezi ya NLP hufanywa kwa utatu: mmoja anayeongoza, mmoja anayeongozwa, mmoja anayetazama na kuandika anachokiona. Gawa saa 5 kwa nafasi tatu, wewe umeongoza mazungumzo kwa saa 1 na dakika 40, katika ruwaza zaidi ya kumi walizokupitisha. Kila ruwaza haijapata hata dakika 10 mikononi mwako. Kwa muda huo unatoka na msamiati na hamasa, na hamasa hudumu wiki mbili.

Kozi ya siku 7 ni bora zaidi lakini nayo ihesabu. Saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukitoa mapumziko ya saa 1 na nusu, ni saa 7 kwa siku, jumla 49. Kama cheti kinadai saa 120, hizo 71 nyingine ziko wapi? Kwa kawaida ni rekodi za kusikiliza nyumbani kabla ya darasa. Si vibaya, mradi kuna anayehakiki kwamba umezisikiliza: jaribio, kazi ya kuandika, au simu na msaidizi. Pasipo uhakiki, nusu ya darasa hufika hawajasikiliza kitu, mwalimu hulazimika kurudi nyuma, na siku mbili za kwanza hupotea.

Idadi ya watu nayo ina uzito. Darasa la watu 60 lina utatu 20. Mwalimu mmoja hawezi kusikia mazungumzo 20 kwa wakati mmoja, na kosa usilosahihishwa unalifanyia mazoezi mpaka linakuwa mazoea. Msaidizi 1 kwa kila watu 9 hadi 12, yaani utatu 3 au 4, ni kiwango kinachokubalika. Uliza pia wasaidizi ni nani. Waliomaliza kozi hiyohiyo mwezi uliopita hawatoshi.

Kuna jambo ambalo waendeshaji wengi hawalisemi, nami naona ni haki yako kulijua kabla hujatoa shilingi. Madai mengi ya NLP hayakuthibitishwa yalipopimwa. Kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani iliyoripoti mwaka 1988 ilikuta ushahidi mdogo sana wa kuyaunga mkono. Mwaka 2012 mapitio ya tafiti 10 yaliyochapishwa katika jarida la madaktari wa familia la Uingereza yalisema vivyo hivyo kuhusu matokeo ya kiafya. Mwaka huohuo mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake walipima lile dai maarufu kwamba mtu akitazama juu upande fulani anasema uongo. Hawakuona uhusiano wowote. Vilevile utasikia kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38 na mwili 55. Takwimu hizo zinatoka kwenye majaribio madogo ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu hisia za kupenda na kutopenda zikipingana na neno moja moja. Hazihusu mazungumzo ya mkopo wala hotuba.

Kwa nini basi nisikuambie uachane nayo? Kwa sababu ndani ya kifurushi hicho zimo stadi za kawaida ambazo afisa mikopo hufundishwa kwa nadra: kusikiliza maneno yaliyorukwa, kuuliza bila kushutumu, kuweka lengo linalopimika, kuona mtu amebadilika uso kabla hajasema. Stadi hizo zinajifunzika, na zinajifunzika kwa mazoezi yenye mtu wa kukusahihisha. Hicho ndicho unachokinunua. Kozi inayofundisha macho ya waongo kama ukweli uliothibitishwa inakuonyesha kwamba mwalimu hasomi, na hiyo pekee inatosha kuiacha. Kwako kuna hatari ya ziada: ukimwamini, utamnyima mkopo mama mkweli kwa sababu alitazama dari.

Na hapa nizungumzie mambo ya Tanga, kwa kuwa karibu kila kitabu cha kozi kimeandikwa kwa Kiingereza na wewe utafanya kazi kwa Kiswahili, na watu wa pwani.

Sehemu yenye faida kubwa zaidi kwako ni meta-modeli, maswali ya kuchimbua kilichofichwa ndani ya sentensi. Kiswahili chetu kinaficha mtendaji kwa urahisi sana. Mkopaji anasema “mambo yameharibika”, “pesa imekwama”, “imeshindikana”. Hakuna aliyeharibu, hakuna aliyekwamisha. Ukijibu “pole, jitahidi”, hujui chochote zaidi ya ulichokijua alipoingia. Ukiuliza “pesa iko kwa nani sasa hivi?”, unaweza kugundua kwamba duka moja la Ngamiani limechukua mzigo wa samaki na halijamlipa, na hapo mna la kupanga. “Watu wananisema mtaani”: nani hasa, na amesema nini? “Mume wangu haniheshimu kwenye biashara”: anafanya nini ndipo unaona hakuheshimu? Anachukua pesa ya mauzo, au anakataza usiende Mombasa kununua bidhaa? Hayo ni matatizo mawili tofauti kwa marejesho. “Lazima kwanza nimalize harusi ya mwanangu”: ukiilipa SACCOS kwanza, harusi itapungukiwa na nini? “Kila mwezi napata hasara”: ulipolipa mwezi ule wote bila kuchelewa, kulikuwa na nini tofauti?

Swali la Kiingereza lililotafsiriwa neno kwa neno huwa “kivipi hasa?” Mwulize hivyo mama wa miaka 60 uone. Atakujibu “basi mwanangu” na mazungumzo yamekwisha, kwa sababu umemweka kizimbani. Kwetu swali la kuchimbua huvikwa nguo kwanza: “Samahani mama, nieleweshe kidogo, maana nataka nisikukosee kwenye hesabu.” Ukishauliza maswali mawili ya namna hiyo mfululizo, simama, mrudishie ulichosikia kwa maneno yake mwenyewe, ndipo uulize la tatu. Kosa la kila mwanafunzi mpya wa meta-modeli ni kuuliza kumi mfululizo. Mwalimu mzuri atakusimamisha kwenye la tatu. Asiyeijua lugha ya mteja wako hatajua hata kwamba umekosea.

Kisha kulinganisha mwili, ule ufundi wa kukaa kama mwenzio anavyokaa ili kujenga maelewano. Kwa mtu wa rika lako unafanya kazi ukiwa mwepesi: fuata kasi ya maneno na sauti yake, acha mikono na miguu. Kwa mzee, ukiegemea kama alivyoegemea na kukunja miguu kama alivyokunja, ni dharau ya wazi. Macho nayo yana adabu yake. Kijana akizungumza na mkubwa wake huinamisha macho, na mwanamke mbele ya mwanamume asiye wake hivyohivyo mara nyingi. Mwongozo wa kozi utaandika “mtazame machoni” na kulisoma jicho lililoinama kama ficho. Hapa jicho lililoinama huenda ni heshima tupu. Maelewano na mzee wa Tanga huanzia kwenye shikamoo na kwenye kuulizia hali ya nyumbani kabla ya kutaja deni. Ukiruka hapo hakuna ruwaza itakayokuokoa.

Kutia nanga ni ufundi mwingine utakaofundishwa: kuunganisha hali ya moyo na ishara ndogo, ili uiite hali hiyo unapoihitaji, mathalani utulivu kabla ya kukabili mkutano wa kikundi chenye hasira. Hatua zake ni hizi. Chagua tukio moja mahususi ulipokuwa mtulivu kweli, lenye siku na mahali. Lirudie akilini ukiliona kwa macho yako mwenyewe, usijitazame kutoka nje. Hisia inapopanda, kabla haijafika kileleni, bana kidole gumba na cha kati kwa sekunde 5 hadi 15, achia kabla haijaanza kushuka. Katisha hali kwa kufanya jambo lisilohusiana, kama kutaja namba yako ya simu kutoka mwisho. Rudia mara 3 hadi 5, kisha jaribu ishara pekee uone kama kuna kitu kinakuja. Inaposhindikana, sababu huwa mojawapo ya hizi: tukio lilikuwa la jumla, umebana wakati hisia imeshashuka, au umechagua ishara unayoifanya kila saa kama kufuta uso. Faida yake isikuzwe. Ni njia ya kujikumbusha kwa mpangilio, na kwa wengine inasaidia.

Waalimu wengi huonyesha nanga kwa kumgusa mwanafunzi bega au goti. Mwambie mwendeshaji mapema kwamba utatumia mkono wako mwenyewe. Mwalimu anayejua kazi ataafiki bila maneno, kwa sababu mguso si sharti la ufundi huo. Anayekujibu kwamba “unazuia mabadiliko yako” muage.

Ipo sehemu moja ambayo naomba usiipeleke kazini kabisa: lugha ya Milton, yaani sentensi za kulegeza na kupendekeza kwa kufichaficha, zilizotokana na hipnosisi ya Erickson. Darasani utajifunza namna zinavyojengwa, na ni vizuri kuzitambua mtu anapozitumia juu yako. Lakini mkopaji anaposaini, riba, ada na adhabu ya kuchelewa zinatakiwa zisemwe kwa maneno makavu na kwa tarakimu, na aweze kuzirudia mwenyewe. Kumlainisha mtu ili asaini ni kumdhulumu.

Sasa ile ofisi. Mtu mwenye hofu inayomzuia kutoka nyumbani, anayekosa usingizi wiki kadhaa, aliyepitia ukatili, anayetaja kujiua: huyo anahitaji huduma ya afya ya akili, na safari yake ianzie hospitali, kwa hapa kwetu hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. NLP ina “tiba ya haraka ya hofu”, ambapo mtu hujitazama akitazama filamu ya tukio lake. Imeenea sana kwenye video. Akiwa ni mtu aliyeumizwa kweli na mwongozaji hana ujuzi, kumbukumbu humfunguka akabaki anatetemeka, na mwongozaji hajui la kufanya. Kwa hofu za kawaida, kama za wadudu au urefu, njia yenye ushahidi imara ni kulikaribia jambo linaloogopwa kidogo kidogo kwa mpangilio, na hiyo hufundishwa kwenye taaluma ya saikolojia. Ikiwa moyo wako uko kwenye kusaidia watu, akiba yako ya mwaka kesho ielekeze kwenye masomo ya ushauri nasaha au ustawi wa jamii katika chuo kinachotambuliwa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Huria kina kituo Tanga. Nenda ukaulize sifa za kujiunga na kozi zilizopo. Ni njia ndefu. Lakini unataka kuugusa moyo wa mtu ulioumia, na huo ndio muda unaostahili.

Turudi kwenye darasa la mtandaoni. Tofauti yake na video za shilingi 60,000 ni moja: kuna mtu anayekuona ukikosea. Mkutano wa video wa kundi hula karibu giga 1 kwa saa, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo kozi ya saa 120 ni giga 120 au zaidi. Piga hesabu ya bando kabla ya hesabu ya ada. Saa za masomo nazo ziangalie: darasa la Uingereza la saa kumi na mbili jioni kwa saa zao huangukia saa mbili usiku kwetu wakati wa majira yao ya joto, na saa tatu usiku wakati wa baridi. Hilo linawezekana kwa mtu anayefika kazini saa mbili asubuhi. La pwani ya mashariki ya Marekani, saa hizohizo kwao, kwako ni saa saba au saa nane usiku, utasinzia. Umeme ukikatika, laptopu iliyochajiwa na bando la simu vitakuvusha. Ruta ya nyumbani itazimika nao. Kama kuna mwalimu wa Kenya au wa Tanzania anayefundisha kwa Kiswahili au anayeruhusu mazoezi ya Kiswahili ndani ya utatu, mpe kipaumbele hata kama jina lake halivumi.

Kabla ya kulipa, mwandikie mwendeshaji na uyahifadhi majibu. Uliza saa za ana kwa ana au za moja kwa moja ni ngapi, na rekodi ni saa ngapi. Uliza wanafunzi ni wangapi kwa kila msaidizi. Uliza unapimwaje, jibu zuri ni kwamba utaongoza mazungumzo mbele ya mpimaji na utaandika mtihani, na kwamba wapo wanaofeli na kurudia. Kozi ambayo kila aliyelipa hufaulu inauza karatasi. Mwulize alisomea kwa nani, kwa saa ngapi, na chama gani kinamtambua, kisha mtafute kwenye orodha ya chama hicho mwenyewe, usitegemee nembo iliyobandikwa kwenye tangazo. Mwulize hufanya nini mshiriki akivunjika moyo na kulia katikati ya zoezi: anatakiwa awe na jibu la vitendo, nani anamtoa pembeni, zoezi linasimamishwaje, anamwelekeza wapi baadaye. Na swali ninalolithamini kuliko yote: utafiti unaopinga NLP unasema nini, na yeye anaufundishaje? Mwalimu mkweli hujibu kwa aya mbili na kutaja mipaka ya anachofundisha. Mwingine hukasirika.

Omba kutazama kijitabu cha kozi, hata kurasa tano. Omba kuzungumza na waliomaliza mwaka uliopita, maana waliomaliza wiki iliyopita bado wana joto la ukumbi. Waulize wanatumia nini hadi leo.

Jihadhari na bei ya “leo tu”, na zaidi na siku ya mwisho ya kozi. Hapo washiriki wamechangamka, wamekumbatiana, wamelia, na fomu ya Masta Praktishona inapitishwa yenye punguzo la kusaini kabla ya kutoka. Amua tangu nyumbani kwamba siku hiyo hutasaini kitu. Kozi inayofunga milango, inayokataza kutoka kwenda kuswali au kupokea simu ya mtoto mgonjwa, inayokulazimisha kusimulia siri zako mbele ya wote, toka. Na mazoezi yakirekodiwa, uliza rekodi inakaa wapi na inafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa nguvu ya kuuliza hivyo.

Akiba yako ningeigawa hivi: ada isizidi shilingi 1,000,000, bando na vifaa 300,000, na 500,000 zibaki SACCOS bila kuguswa mpaka umemaliza. Lipa kwa awamu, ya kwanza isizidi theluthi moja, na masharti ya kurudishiwa yaandikwe kabla. Asiyetoa risiti usimlipe kwa namba binafsi ya simu. Usikope kwa ajili ya kozi hii. Haitaongeza mshahara wako ndani ya muda wa mkopo. Na ukikosa mwalimu wa kuridhisha, tafuta mafunzo ya mazungumzo ya kuhamasisha yaliyoanzishwa na mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983 na kuendelezwa naye pamoja na Stephen Rollnick. Yalianzia kwa watu wenye ulevi, yamepimwa kwa majaribio mengi, na namna yake ya kuuliza na kurudisha maneno ya mtu inakaa vizuri kwenye kazi yako.

Kozi yoyote utakayochukua, tafuta wenzio watano Tanga, maofisa mikopo, walimu, wauguzi, mfanye mazoezi mara moja kwa wiki. Saa 2 zinatosha: dakika 10 za kukumbushana, 15 za kuonyesha ruwaza moja tu, kisha mizunguko mitatu ya dakika 25, kila mzunguko dakika 15 za mazungumzo na 10 za mtazamaji kusema alichokiona na kusikia, bila kukisia moyo wa mtu. Dakika 20 za mwisho ni za maswali. Wiki 10 za namna hiyo zinakupa zaidi ya saa 2 za kuongoza mwenyewe mbele ya mtazamaji, kwa Kiswahili cha hapahapa, na hilo peke yake linazidi semina ya Dar es Salaam. Tumieni matatizo madogo ya kweli, kama kuchelewa kuamka au ugomvi na jirani wa kibanda. Majina ya wakopaji yasitajwe kamwe, Tanga tunajuana.

Na upime. Kwa miezi 2 kabla ya kozi, andika kwenye daftari kila ahadi ya malipo uliyopewa: tarehe, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholetwa, na malipo yamechelewa siku ngapi. Endelea hivyohivyo miezi 2 baada ya kozi, ukilinganisha miezi inayofanana kibiashara, usiuweke mwezi wa Ramadhani dhidi ya mwezi wa kawaida, wala msimu wa kusi dhidi ya wa kaskazi kwa wavuvi. Daftari likionyesha ahadi zinazotimizwa zimeongezeka, endelea na uchague ruwaza mbili zilizokusaidia uzikomaze. Lisipoonyesha tofauti, hizo 500,000 zilizobaki usizipeleke kwenye ngazi ya Masta.